Mayai Haya Ni ya Nani? Kisa cha shamba moja nje ya Malindi

Mjomba alikuja siku nne mfululizo kabla hajasema neno. Alikuwa akisimamisha tuktuk yake ng'ambo ya lango, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akihesabu kreti za mayai zikifungwa nyuma ya bodaboda. Jumatatu kreti tatu. Jumanne tatu. Jumatano tatu na nusu. Ilikuwa Januari, kaskazi imekaza, mahoteli ya Malindi yamejaa wageni, na yai la kienyeji halilali dukani. Siku ya nne akaingia, akamwamkia mwenye shamba shikamoo ya harakaharaka, akakataa kiti.

"Mzee wangu, nimekuja kuuliza jambo moja tu. Mayai haya ni ya nani?"

Mzee alidhani anataka kununua.

Nami nimo ndani ya kisa hiki, tena si kwa uzuri. Nilifundisha kitengo cha elimu maalum miaka mingi kabla ya kustaafu, na mpwa wa yule mjomba alikuwa mwanafunzi wangu. Ni mimi niliyempeleka pale shambani. Ni mimi pia niliyemwambia mama yake maneno mawili matatu yaliyokuja kuzaa ugomvi. Wahusika wamekubali niandike kwa sharti nisitaje jina la mtu wala la kijiji, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao, kama wanavyoitwa na watu wa pale.

Shamba ni ekari nne na ushei, upande wa Ganda, kwenye ule udongo wa mchanga unaomeza maji kabla hujarudi kisimani. Minazi ni ya babu. Mikanju imebaki sita, imezeeka. Kuna miembe ya ngowe na boribo, muhogo, kunde, mchicha karibu na tangi, mbuzi watano, na kuku wa mayai 130 hivi. Mzee alikuwa mpishi wa hoteli. Hoteli ilipofunga milango akarudi kulima. Mkewe ndiye mwenye akili ya biashara. Binti yao mkubwa anaishi hapo na wanawe wawili, na ndiye anayeshika simu ya wateja.

Mtoto wao wa pili, Bwana Maji, ana miaka 27. Ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Alipomaliza shule alikaa nyumbani akinenepa na kununa, mpaka siku moja mama yake akachoka akampa ndoo. Jirani akaiona ile ndoo, akaleta kijana wake. Mwingine akasikia. Hapakuwa na mradi, wala mfadhili, wala ubao wa rangi pale langoni. Leo wapo wanne, siku nne kwa wiki.

Kazi zao nitazieleza kwa kirefu, maana wageni wanaopita pale huwaonea vijana huruma na kuupita ufundi wenyewe bila kuuona.

Chukua mayai. Binti wa Kuku, mpwa wa mjomba, ana miaka 22. Alipokuwa mchanga malaria ilimpanda kichwani, akapata degedege siku mbili. Bibi yake alisema ni nyuni, yule pepo wa ndege anayesemwa huleta degedege, akapelekwa kwanza kwa mganga, hospitali baadaye. Alipona akabaki na kifafa na akili inayokwenda polepole. Darasani nilihangaika naye miaka mitatu nikitaka hesabu yake ivuke kumi, nikashindwa. Mama mwenye shamba alimpa kreti tupu. Kreti ina matundu 30, ikijaa, imejaa. Yai lenye ufa linaingia sufuria ya bluu, lenye uchafu linaingia nyekundu. Siku nilipoona hilo nilikumbuka vifuniko vya soda nilivyomtandazia mezani miaka yote ile, nikaona haya.

Kila miezi mitatu kuku huchanjwa dhidi ya Newcastle, ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Chanjo yenyewe ni tone moja jichoni. Binti humkumbatia kuku kwapani, akamfunika bawa kwa kiganja, na kuku hatikisiki. Afisa wa mifugo hudondosha tone, basi. Aliniambia kwingine huwa anatoka na mikwaruzo.

Maji ndiyo yaliyotutia hofu. Mwanzoni Bwana Maji alijitwika mtungi wa lita 20 kichwani, kama anavyofanya kila mtu kule. Nilipomkuta nilipiga kelele hadi mbwa wakabweka. Kuna watu wenye sindromu ya Down ambao kano zinazoshika pingili mbili za juu za shingo zimelegea, na mzigo wa kichwani unaweza kuisogeza mifupa ikabana neva. Tena karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kabla mtu hajapewa kazi nzito. Wake ulikuwa umepimwa utotoni, haukuwa na neno. Sasa anatumia wilbaro. Kila mtungi una mstari wa rangi nyekundu katikati, naye hujaza hadi mstari, hapiti. Wilbaro imemsaidia kwa njia nyingine pia: inamzuia kukimbia.

Palizi ilikuwa msiba wa masika ya kwanza. Waling'oa kunde zote. Zote, shamba likabaki jeupe kama uwanja wa mpira, na wenyewe wamesimama wanangoja kusifiwa. Mzee alikaa chini akacheka mpaka akalia. Kunde changa na magugu havina tofauti kubwa kwa jicho lisilozoea, na kumwambia mtu "angalia vizuri" si kumfundisha. Msimu uliofuata walipanda kwa kamba yenye mafundo, fundo moja shimo moja, na kijiti kila mwisho wa mstari. Kanuni ikawa rahisi: kilichoota nje ya kamba ni gugu. Muhogo wanapanda ule mtamu tu. Ule mchungu una sumu ya sianidi, na pale kuna mtu ambaye akiona muhogo haendi kuuliza.

Kisima kimefunikwa kwa mbao na kufuli, ufunguo uko shingoni mwa mama. Mwenye kifafa hachoti maji peke yake, hapandi mti, hakai karibu na mafiga. Dawa humezwa saa ile ile kila siku, maana kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokoma. Na akianguka, wote wanajua la kufanya: mlaze ubavu, ondoa mawe, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, iite tuktuk. Tuktuk inayoitwa ni ya mjomba.

Upande wa pili wa shamba, mbali na banda, yuko Kijana wa Makuti. Ana usonji, na kelele za kuku humchoma masikio kama moto. Maneno yake ni machache. Majani ya mnazi hulowekwa, hukunjwa juu ya kijiti, hushonwa kwa ung'ongo. Kuti la leo ni ndugu pacha wa kuti la jana, na kinachowachosha wengine ndicho kinachompumzisha yeye. Mafundi wa paa wanayajua makuti yake kwa kuyatazama. Usimguse bega akiwa anashona.

Wa nne, Kijana wa Kivulini, ana mtindio wa ubongo. Miguu haimsikii, mikono inamsikia kwa taabu, na neno moja kulitoa ni safari. Hukaa chini ya mwembe akichambua mbegu na kumenya muhogo polepole kwa kisu kifupi. Wengi humwongelesha kama mtoto. Mwili wake umedhurika pale ubongo unapoamrisha misuli, kichwa chake kizima kabisa. Mkumbuke huyu, tutarudi kwake.

Basi, mjomba na swali lake.

Mama mwenye shamba alitoka jikoni akijifuta mikono. Alipoelewa kinachoulizwa uso ulimbadilika.

"Mwanangu, huyu nimemlea. Anakula hapa, akianguka nashika mimi. Leo umekuja na daftari?"

"Mama, sikatai. Lakini miaka miwili anaokota mayai, na nyumbani kwetu hajawahi kurudi na shilingi. Akirudi ana kunde kwenye mfuko wa plastiki."

Hapo Binti wa Kuku alikuwa amesimama na kreti yake, anamtazama huyu, anamtazama yule. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hata mimi niliyepigiwa simu nikafika nusu saa baadaye, sikumuuliza. Nilianza kuhutubia.

Nilisema, na ndilo kosa langu la pili, kwamba pale yuko mafunzoni. Mjomba alinigeukia. "Mwalimu, wewe ndiwe uliyemwambia dada yangu kwamba atafundishwa kazi. Sawa. Atahitimu lini?"

Sikuwa na jibu. Mtu anayejaza kreti tatu kwa siku, asiyevunja yai, anayejua kuku gani ameacha kutaga na gani anatagia kichakani, anafunzwa nini tena? Mafunzo yasiyo na mwisho ni kazi iliyobadilishwa jina. Nililitamka lile neno miaka miwili nyuma kwa sababu mama yake alikuwa na wasiwasi, na "mafunzo" lina harufu ya shule, linatuliza. Sikufikiri kwamba neno linaweza kula mshahara wa mtu.

Kuna kisa cha Marekani ambacho nilikuwa nimekisoma zamani na sikukihusisha kabisa na hapa petu. Katika jimbo la Iowa, wanaume wenye ulemavu wa akili walifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya bata mzinga kwa zaidi ya miaka 30, wakilala katika jengo la shule kuukuu kwenye mji mdogo wa Atalissa. Walilipwa dola 65 kwa mwezi. Jambo hilo lilipofichuka mwaka 2009 dunia ilishtuka, na mwaka 2013 baraza la mahakama likawapa wanaume 32 fidia ya dola milioni 240, ingawa kisheria ilibidi ipunguzwe hadi milioni 1.6. Kinachonisumbua katika kisa hicho ni mwanzo wake. Kilianza kwenye ranchi huko Texas, kwa wazo zuri: vijana watolewe kwenye taasisi walikofungiwa, wapewe hewa, kazi na ujuzi. Watu wakapiga makofi. Na Marekani ina sheria ya mwaka 1938 inayoruhusu mwenye kibali amlipe mtu mwenye ulemavu chini ya kima cha chini. Basi huruma ikapata karatasi ya kuegemea, na miaka ikapita.

Simfananishi mzee wetu na watu wale. Yeye anakula ugali ule ule, kwenye mkeka ule ule. Lakini hapo ndipo pana kipimo kinachofaa. Kuna mfano mwingine, wa Scotland, ambako Karl König, daktari aliyekimbia Austria, alianzisha mwaka 1940 na wenzake jumuiya za Camphill karibu na Aberdeen. Wenye ulemavu na wasio nao waliishi nyumba moja, wakilima na kuoka pamoja, na kwa miongo mingi waliowahudumia nao hawakuwa na mshahara. Kila mtu alipewa kadiri ya haja yake. Hapo hakuna wa kumwuliza mwenzake mayai ni ya nani, kwa kuwa jibu ni moja kwa wote. Shambani kwetu jibu halikuwa moja. Pesa za mayai zilikwenda kwenye simu ya binti mkubwa, zikalipa karo ya wanawe na bati jipya la jikoni. Matumizi halali kabisa, ila hao wanne hawakushirikishwa hata kwa kuambiwa.

Tukakaa Jumamosi chini ya mwembe: mzee na mkewe, binti mkubwa, mzee wa kijiji, mjomba na dada yake, mama wa Kijana wa Makuti, mimi. Safari hii na vijana wenyewe walikuwepo, kwa kuwa mzee wa kijiji alikataa kuanza bila wao. "Kesi ya mtu haisikilizwi akiwa bandani," alisema, na nikaongeza hilo kwenye orodha ya mambo niliyopaswa kuyasema mimi.

Mjomba alifungua daftari. Kreti tatu mara shilingi 450 ni 1,350. Mara siku 30, ni 40,500. Alitaja ile namba ya mwisho mara mbili, polepole, na watu wakaguna. Binti mkubwa akasema si kweli, hawajawahi kuona elfu arobaini. Akaulizwa mnaona ngapi? Hakujua. Zinaingia, zinatoka.

Ndipo Kijana wa Kivulini akainua mkono. Mzee wa kijiji akamwona. Tulingoja. Neno la kwanza lilichukua muda mrefu kiasi cha mjomba kutaka kumsaidia kulimalizia, akakatazwa. Neno lilikuwa "gunia".

Yeye hukaa karibu na lango. Kila gunia la chakula linaloingia hupita mbele yake, kila kreti inayotoka hupita mbele yake, na bei huzungumzwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Alikuwa nazo zote. Gunia la kilo 70 linakwisha siku ya tano asubuhi. Ni sawa: kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo 130 wanamaliza kama kilo 15 na nusu. Gunia lilinunuliwa kwa 3,800. Maana yake chakula peke yake ni 850 hivi kila siku, na katika zile 1,350 za mjomba zinabaki 500. Toa bodaboda, toa chanjo, toa vifaranga vya kurithi kuku waliochoka. Akaendelea: kusi ikivuma na masika ikianza, mahoteli mengi yanafunga, kreti inashuka hadi 350, na hapo zinabaki 200 kwa siku, mwezi mwingine hazibaki. Ilimchukua karibu nusu saa kuyasema haya. Nimehudhuria vikao vingi vya wizara na vya kaunti. Sikumbuki nusu saa iliyokuwa na hesabu safi kama ile.

Hesabu hiyo ilipoza pande zote mbili. Mjomba aliona hakuna mtu anayetajirika. Wenye shamba waliona pia kwamba kuna kitu, ni kidogo lakini kipo, na sehemu yake ilikuwa ya watu waliokaa mbele yao.

Makubaliano yenyewe nitayapitia haraka. Saa moja hadi saa tano asubuhi ni kazi. Kila mmoja hupata shilingi 100 kwa siku aliyofika, kisha nyongeza: 20 kwa kila kreti iliyosafishwa na kupangwa, kiasi fulani kwa kila kuti, na kadhalika. Baada ya saa tano hakuna anayeagizwa. Atakayetaka kumwagilia amwagilie, atakayetaka kulala alale. Ijumaa ni malipo. Kijana wa Kivulini ndiye msimamizi wa hesabu, mjukuu wa mzee huandika anayoambiwa.

Mama mwenye shamba alipinga kitu kimoja. "Na huyu wangu? Nimlipe mwanangu kwa kuteka maji ya nyumbani kwao?" Mzee wa kijiji akamuuliza kama kazi ya Bwana Maji ina tofauti na ya wenzake. Haina. Basi alipwe. Nadhani uamuzi huo ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote siku ile, maana kama yeye angebaki wa bure, wale watatu wangebaki vibarua wa kuhurumiwa nyumbani kwa mwenzao.

Sijaridhika na kiwango. Kibarua wa kawaida kule hulipwa 300 kwa asubuhi moja ya jembe. Nilipendekeza 200, nikashindwa. Sheria ya Kenya ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilisema mfanyakazi mwenye ulemavu apate masharti na malipo sawa na mwenzake asiye na ulemavu katika kazi ile ile. Sheria mpya ya 2025 ndiyo iliyoshika mahali pake, na Katiba kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Wenye shamba wanajibu kwamba chakula cha mchana, uangalizi na ufunguo wa kisima pia vina bei. Kweli vina bei. Ila aliyepaswa kuibeba bei hiyo ni serikali, na wanaoibeba ni wazee wawili wenye minazi. Mzee hawezi kumtoza Binti wa Kuku pengo lililoachwa na wengine. Hoja hii bado tunaizungumza, kila nikienda, na kila nikienda mama huniwekea chai kwanza ili nipoe.

Malipo ya vipande nayo yana ubaya wake. Kijana wa Makuti, ambaye hana habari na pesa, ndiye anayepata nyingi kuliko wote. Kijana wa Kivulini, anayetoa jasho zaidi, alikuwa akipata kidogo kabisa hadi ile kazi ya hesabu ilipowekewa malipo yake.

Ijumaa ya kwanza Binti wa Kuku alipewa shilingi 640. Mama yake alinyoosha mkono kuzipokea, kwa mazoea tu, kama anavyompokea mwanawe mkoba. Binti akazificha nyuma ya mgongo. Tulicheka, ila mama hakucheka. Alitaka ziingie kwenye M-Pesa yake, azitunze. Binti hana M-Pesa kwa kuwa hana kitambulisho cha taifa. Alipofika miaka 18 hakuna aliyeona haja ya kumpeleka. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu anayo haki ya kusimamia fedha zake, akisaidiwa anapohitaji. Kifungu kizuri. Kwa huyu kingeanzia na foleni ya kitambulisho, na foleni hiyo mama yake alikuwa akiiogopa kwa sababu nyingine: aliomba zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, zilizowekwa kwa wenye ulemavu mkali wanaohitaji mtu wa kuwaangalia muda wote. Binti akionekana ana kazi na kitambulisho mkononi, si watasema hana ulemavu? Nilimwambia kitambulisho hakifuti ulemavu. Hakuniamini, na baada ya yale maneno yangu ya "mafunzo" simlaumu. Mjomba ndiye aliyempeleka, kwa tuktuk yake, siku moja asubuhi bila kumwambia dada yake.

Muuza duka alimpunja chenji wiki ya pili. Siku hizi huenda na Bwana Maji, ambaye hajui chenji lakini ana sauti kubwa.

Kuna jambo moja kubwa ambalo kikao hakikuligusa, nalo ni ardhi. Shamba bado liko kwa jina la babu, marehemu. Mzee ana ndugu wawili, mmoja yuko Mombasa na ameshapigiwa simu na wanunuzi wa ploti. Mirathi haijafunguliwa. Siku mzee akifunga macho kabla ya hilo kunyooshwa, kreti, kamba ya mafundo na mstari mwekundu wa mtungi vitakuwa mali ya atakayewahi mahakamani. Nimemsemesha mara tatu. Anasema kuzungumza mirathi mtu akiwa hai ni kumchimbia kaburi. Mkewe anasikia, hasemi kitu, lakini ameanza kutafuta cheti cha kifo cha mkwewe.

Pesa za wiki ya sita Binti wa Kuku alizipeleka kwa mama mwenye shamba mwenyewe. Alitaka kununua kuku. Yupi? Akamwonyesha: tembe mwekundu mwenye kidole kilichokatika, mtagaji wa wastani tu. Mama akakataa pesa, akasema mchukue, ni wako. Binti akaziweka juu ya meza, akaondoka. Kijana wa Kivulini akaamuru iandikwe.

Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha wageni walikuja kutoka Mambrui na mama akatuma mjukuu akamate kuku wa kuchinja. Mtoto akamshika yule mwekundu, alikuwa karibu na mlango. Binti wa Kuku alimfuata hadi jikoni, akamtoa mikononi mwake, akarudi naye bandani bila kusema chochote. Wageni walikula samaki. Mayai ya yule kuku sasa yanaingia kwenye bakuli la peke yake, na wiki nzima yakikusanyika hayafiki hata nusu ya kreti, lakini mjomba akipita asubuhi husimamisha tuktuk, akamuuliza amepata mangapi.